Kidole cha Mtoto na Lango la Bustani

Mwaka 2014, katika jimbo la Illinois nchini Marekani, mvulana wa miaka 14 alikwenda pamoja na wanafunzi wenzake katika bustani ya burudani iitwayo Six Flags Great America, iliyoko katika mji wa Gurnee, kaskazini ya Chicago. Bustani za namna hii ni nchi ndogo zilizozungushiwa uzio. Mna vigari vipandavyo reli hadi juu kama mlimani na kushuka ghafla kama jiwe, mna mabembea, maji ya kuteleza, muziki na vyakula vitamu, na mtoto aingiaye humo hutamani jua lisitue. Mama wa mvulana huyu alikuwa amekwisha kumnunulia tiketi ya msimu mzima kwa njia ya intaneti. Hata hivyo, alipofika langoni, mvulana aliambiwa aweke kidole gumba juu ya kifaa cha kusoma alama za vidole, kisha akaenda kupewa kadi. Na tangu hapo kadi na kidole vikawa ndio ufunguo wake wa kuingilia. Aliporudi nyumbani mama aliuliza ziko wapi karatasi alizopewa. Akajibiwa kwamba hakuna karatasi; siku hizi mambo yote ni kwa kidole.

Tumeanza na kisa hiki si kwa kuwa ni cha ajabu, bali kwa kuwa ni cha kawaida mno. Mtoto hakupigwa, hakutukanwa, wala hakunyang'anywa hata senti. Lakini mama yake alikwenda mahakamani, na shauri lake likapanda ngazi baada ya ngazi hata likafika katika Mahakama ya Juu ya jimbo hilo, ambayo ilitoa uamuzi wake tarehe 25 Januari 2019. Mtu aweza kuuliza: mama huyu alilalamikia nini hasa? Mtoto wake alipungukiwa na nini? Hilo ndilo swali tunalopenda kulitafakari pamoja na walimu wenzetu na wanafunzi wao katika kurasa hizi. Wala hatulitafakari kwa niaba ya Wamarekani, ambao wana mawakili wa kuwatosha. Twalitafakari kwa sababu mvulana yule alikuwa katika safari ya shule, na katika safari ya shule asimamaye langoni badala ya mzazi ni mwalimu.

Yafaa kwanza tueleze sheria yenyewe. Jimbo la Illinois lilitunga sheria juu ya alama za mwili mwaka 2008. Siku zile yalikuwapo majaribio, hasa katika mji wa Chicago, ya kuwawezesha watu kulipia vyakula na petroli kwa kugusa tu kwa kidole. Kampuni moja iliyoshughulika na malipo ya namna hiyo, Pay By Touch, ikafilisika. Kampuni inapofilisika mali yake huuzwa ili wadai walipwe: meza, viti, magari. Lakini kampuni hii ilikuwa pia na alama za vidole vya wateja wake. Je, nazo ni mali ya kupigwa mnada? Watu walipojiuliza hivyo ndipo walipoanza kutambua ni kitu gani walichokuwa wametoa. Sheria iliyopatikana yasema kwamba anayetaka kuchukua alama ya kidole cha mtu, au vipimo vya uso wake, au alama ya sauti yake, sharti amwarifu kwanza kwa maandishi kwamba anaichukua, kwa kusudi gani na kwa muda gani, kisha apate kibali chake cha maandishi. Tena haruhusiwi kuiuza. Sababu waliyoitoa watunga sheria yaweza kueleweka na mtoto wa darasa la nne: nambari ikiibwa, mtu hupewa nambari nyingine, kidole kikiibwa, hakuna duka la kununua kingine.

Mama alidai kwamba katika bustani ya Gurnee hayo hayakufanyika. Wenye bustani nao walijitetea kwa hoja ambayo twaiheshimu, maana ndiyo hoja ya watu wengi: hata kama kanuni haikufuatwa, ni nani aliyeumia? Mahakama ya rufani ilielekea upande wao. Mahakama ya Juu ikakataa, tena kwa kauli moja ya majaji wote, ikasema kwamba mtu ambaye haki yake juu ya alama za mwili wake imepuuzwa amekwisha kudhulumiwa, wala halazimiki kungoja apatwe na hasara nyingine ndipo afungue mashtaka. Mwaka 2021 pande mbili zilipatana, na kampuni ikakubali kutoa dola milioni 36 ili kumaliza shauri la watu wote waliohusika. Mwaka 2024 sheria ilipunguzwa makali katika hesabu ya fidia, lakini kauli ile haikufutwa. Hizo fedha si hoja yetu. Twauliza kama kauli ya majaji ni ya kweli kimaadili, na si kisheria tu: kwamba dhuluma yaweza kuwapo pasipo hasara.

Sisi twaona kwamba ni ya kweli, na hatuhitaji kuvuka bahari ili kupata ushahidi. Tuseme jirani anasafiri, naye anamwachia mwenzake sanduku la nguo amtunzie. Siku ya pili kuna arusi. Aliyeachiwa sanduku analifungua, anatoa kitenge kizuri cha jirani, anakivaa, anacheza ngoma hata usiku wa manane. Kesho yake anakifua, anakipiga pasi, anakirudisha mahali pake, mkunjo juu ya mkunjo. Jirani anarudi, anapokea sanduku lake, na hapana uzi uliopotea. Je, amedhulumiwa au hakudhulumiwa? Hatudhani yuko mtu mzima, awe wa pwani au wa bara, atakayesita kujibu. Kiswahili kina neno la kosa hilo, nalo ni khiana. Mwizi huchukua asichopewa. Mwenye kufanya khiana hutumia alichopewa akitunze. Hasara yaweza isiwepo kabisa, na kosa likabaki kamili. Tena hata kama jirani hatajua maisha yake yote, bado kosa lipo.

Neno amana, basi, lastahili kushikwa kwa mikono miwili. Katika mazungumzo mengi ya siku hizi, habari za mtu husemwa kana kwamba ni mali: jina lako, sura yako, mahali ulipo, vyote ni mali yako, na hakuna wa kukunyang'anya. Wanaosema hivyo wana nia njema. Lakini mali ina desturi zake. Mali huuzwa, na muuzaji akiisha kupokea thamani hana tena la kusema. Mnunuzi naye aweza kumwuzia mwingine, na huyo mwingine, hata kitu kikafika mahali ambapo mwenyewe wa kwanza hapajui. Na mali ya mtoto husimamiwa na mzazi. Mzazi mwenye shida, au mwenye haraka tu, ataiuza kwa bei ya tiketi ya siku moja. Amana haiendi hivyo. Haiwi mali ya mtunzaji hata akikaa nayo miaka 20. Matumizi yake yana mpaka, na mpaka huo ni lile kusudi iliyowekewa. Kusudi likiisha, hurudishwa. Mvulana wa Gurnee, kwa maelezo ya mama yake, hakurudi tena katika bustani ile, ilhali alama yake ilibaki mikononi mwa wenye bustani. Msafiri amekwisha kurudi na sanduku bado liko kwa jirani. Hapo neno mali halina la kutuambia, maana kitu kilitolewa na kikapokewa.

Kwa kuwa kazi yetu ni lugha, tusimame kidogo mbele ya maneno mengine mawili. Wanafunzi wengi hutumia siri na faragha kana kwamba ni neno moja. Siri ni jambo lisilotakiwa kujulikana; likijulikana, siri imekwisha. Faragha si lazima iwe na jambo lolote ndani yake. Watu wawili wanaozungumza faraghani huenda wanazungumza habari za mvua. Asili ya neno ni Kiarabu, na mzizi wake una maana ya kuwa tupu, kutoshughulishwa. Ndiyo maana katika Kiswahili cha zamani faragha iliweza pia kuwa wasaa, yaani nafasi ya mtu kupumzika. Tukilikumbuka hilo, twaweza kumjibu yule asemaye kila mara kwamba asiye na hatia hana la kuficha. Mtu aogaye hana hatia. Kila mtu nyumbani anajua yumo bafuni na anajua anafanya nini humo. Hapana siri hata chembe. Hata hivyo mlango umefungwa, na mtoto anayeusukuma huonywa. Kinacholindwa na mlango ule ni sitara ya mtu, ambayo ni kitu kingine kabisa.

Na hapa pana jambo linalotuchekesha kidogo. Mtu aendaye bustani ya burudani anakwenda kutafuta faragha kwa maana ile ya kale: wasaa, siku isiyo na kazi wala simu ya mkubwa wake. Naye anaupata wasaa huo kwa kuiacha langoni faragha kwa maana ya sasa. Labda twalielemea mno neno moja, kama walimu wa lugha tulivyozoea. Lakini tazama namna bustani kubwa zinavyoendeshwa.

Walt Disney World, iliyofunguliwa mwaka 1971 katika jimbo la Florida, ilianza mwaka 2013 kuwapa wageni wake bangili ya plastiki iitwayo MagicBand. Bangili hiyo hufungua mlango wa chumba cha hoteli, humpitisha mgeni langoni, hulipia chakula na vikumbusho, na huziunganisha picha zilizopigwa bustanini na jina la aliyepigwa. Ndani yake mna chombo kidogo cha redio. Kwa kazi nyingine mgeni huigusisha kwenye kisomeo. Kwa nyingine visomeo vilivyo mbali kidogo huitambua bila yeye kufanya lolote. Langoni kidole pia huwekwa, na tiketi huanza kwa watoto wa miaka 3. Kampuni hueleza kwamba mtambo wake hauhifadhi picha ya kidole, bali huigeuza kuwa hesabu, na kwamba asiyetaka kuweka kidole aweza kuonyesha kitambulisho. Bangili ilipotangazwa, mwezi wa Januari 2013, mbunge mmoja wa Massachusetts, Edward Markey, alimwandikia mkuu wa kampuni kumwuliza ni habari gani zitakazokusanywa, hasa za watoto. Barua ikajibiwa, na bangili zikavaliwa. Mwaka 2021 kampuni iliacha kuwapa wageni wa hoteli zake bangili za bure. Watu wakaendelea kuzinunua kwa fedha zao, tena za rangi na picha mbalimbali.

Je, si wameridhika wenyewe? Ndivyo ionekanavyo, na sisi si watu wa kuwaambia wazima wasivae bangili waipendayo. Lakini ridhaa ya langoni yahitaji kuangaliwa kwa jicho la karibu. Familia imeweka akiba mwaka mzima. Imesafiri. Tiketi imelipwa na fedha hazirudi. Nyuma yao mna foleni ya watu mia, na mtoto anavuta mkono wa baba yake kwa sababu amekwisha kusikia muziki. Wakati huo ndipo baba anapoulizwa kama anakubali. Wazee walisema maji ukiyavulia nguo sharti uyaoge, na hawakusema hivyo kumsifu mwogaji. Walieleza tu hali ya mtu aliyekwisha kufika mahali ambapo kukataa kuna gharama kubwa kuliko kukubali. Ruhusa inayoombwa kabla ya tiketi kununuliwa, nyumbani, mezani, ni kitu kimoja. Ruhusa inayoombwa wakati nguo zimekwisha kuvuliwa ni kitu kingine, ijapokuwa saini ni ile ile.

Wako wasomaji watakaotuambia kwamba haya yote ni mambo ya Wazungu. Kijijini, watasema, nani alikuwa na faragha? Jirani alijua nani amepika nyama na nani amelala na njaa. Alijua binti wa fulani amechumbiwa kabla ya binti mwenyewe kuambiwa. Wanasema kweli, nasi tulilelewa humo. Lakini wanasahau hodi. Katika nyumba ambayo mlango wake ulikuwa pazia, au haukuwapo kabisa, mgeni alisimama nje akaita hodi, akangoja. Akaita tena, akangoja. Akaita mara ya tatu, na kama hakusikia karibu aligeuza njia, hata kama alisikia sauti za watu ndani. Neno lile moja lilijenga ukuta mahali pasipo na ukuta. Isitoshe, kijijini kujuana kulikuwa kwa pande mbili: aliyekujua ulimjua, na aliyebeba habari zako alijua nawe umebeba zake. Na kijiji kilisahau. Kijana aliyeiba kuku akiwa na miaka 12 alizeeka akawa mzee wa baraza, na habari za kuku zikafa pamoja na waliozikumbuka. Kisomeo kilichoko langoni hakipigi hodi, mwenye kisomeo hajulikani kwa sura wala kwa jina, na kumbukumbu yake haizeeki.

Tena lugha yetu haikupata kufundisha kwamba mtu ajifiche daima. Yako maneno ya wahenga yanayoonekana kusema kinyume kabisa: mficha uchi hazai. Tunayafundisha darasani, na huenda wanafunzi wakadhani yanaondoa hoja yetu. Twaona yanaithibitisha. Mwanamke hujifunua mbele ya mkunga, hajifunui sokoni. Na upande wa pili wa maisha yako maneno mengine: aibu ya maiti aijuaye ni mwosha. Mkunga na mwosha hutuona katika hali ambayo hata sisi wenyewe hatujioni, mmoja tunapoingia duniani na mwingine tunapotoka. Hawafumbwi macho. Wangefumbwa wasingeweza kufanya kazi. Wanajua yote, na hakuna anayelalamika kwamba wanajua, kwa sababu ujuzi wao umefungwa kwa kazi ile na unaishia pale. Mwosha akitoka akasimulia kovu aliloliona tumboni mwa marehemu, watu hawatamwuliza ni hasara gani marehemu amepata. Marehemu hawezi kupata hasara. Hawatamwita tena, basi.

Hii ndiyo sababu hatusemi kwamba kosa liko katika kujua. Bustani inayotaka kuhakikisha kwamba tiketi ya mtu mmoja haitumiwi na kumi ina haki ya kujilinda, na kidole chaweza kuwa njia moja. Lakini achukuaye kidole cha mtu amejitwika kazi ya mwosha, apende asipende, na yampasa aulizwe maswali anayoulizwa mwosha.

Sasa turudi hapa kwetu Uganda, ambako matembezi ya shule ni ya namna nyingine. Basi hukodiwa, wanafunzi huamka alfajiri, huimba njia nzima, huenda Entebbe kutazama wanyama na ndege zinazopaa, au Jinja kutazama mahali ambapo mto Nile huliacha Ziwa Viktoria. Wana chapati na mayai katika mifuko, na soda moja kila mmoja. Ni siku ambayo mtoto wa kijijini ataizungumza kwa mwaka mzima, na tungekuwa watu wabaya kama tungetaka kuipunguza. Hapo langoni kidole hakiulizwi. Lakini simu zipo. Mwalimu hupiga picha watoto wakiwa mbele ya twiga, huzipeleka papo hapo katika kundi la wazazi la WhatsApp, na mama aliyeko Mbarara au Gulu huona mwanawe anacheka. Hakuna wa kuidharau furaha hiyo. Jioni picha zile zile hupandishwa katika ukurasa wa shule wa Facebook. Mwezi wa Januari, wanafunzi wapya wanapotafutwa, mojawapo hukatwa ikawa tangazo. Sweta lina nembo na jina la shule, uso unaonekana wazi, na chini yake imeandikwa siku na mahali. Picha ilitolewa kwa kusudi moja, nayo imevaliwa kwenda arusini.

Nchini Kenya jambo hili limekwisha kufika mbele ya sheria. Mwezi wa Septemba 2023 ofisi ya Kamishna wa Kulinda Data iliitoza shule moja ya Nairobi, Roma School, faini ya shilingi 4,550,000 kwa kutangaza picha za watoto bila idhini ya wazazi. Na wakati ule ule nyumba moja ya starehe ikatozwa shilingi 1,850,000 kwa kutangaza picha ya mteja aliyekuwa akijiburudisha humo bila ridhaa yake. Hatuwezi kusema kama viasi hivyo vilikuwa vya haki. Twasema tu kwamba ni bei ya matangazo ghali sana. Kenya ilipitisha sheria yake mwaka 2019, na Uganda mwaka huo huo. Rwanda ikafuata mwaka 2021 na Tanzania mwaka 2022. Sheria ya Uganda yataka ridhaa ya mzazi au mlezi kabla ya kukusanya habari za mtoto. Walimu wengi tunaozungumza nao hawajapata kuiona karatasi ya sheria hiyo, na tusishangae. Desturi ya kuwapiga watoto picha bila kuuliza ni ya zamani kuliko simu.

Katika darasa la watoto 60, pengine 58 hawatapatwa na lolote kwa picha hiyo. Hapo ndipo hoja ya hasara inapolala usingizi. Lakini Uganda imewapokea wakimbizi zaidi ya milioni moja, na wengi miongoni mwao wametoka Kongo. Watoto wao wamo madarasani mwetu, na katika somo la Kiswahili mara nyingi ndio wanaoinua mikono kwanza, kwa kuwa wamekuja na lugha hiyo kutoka kwao. Ziko familia zilizokimbia watu wanaozijua kwa majina na ambao huenda bado wanazitafuta. Kwa mtoto wa familia hiyo, picha yenye nembo ya shule ni anwani. Yuko pia mtoto aliyefichwa na mama yake kwa baba mkatili, na yuko yule ambaye ndugu wanagombania ulezi wake. Mwalimu hawajui wote. Hawezi kuwajua wote, maana wanaohitaji zaidi sitara ndio wasioweza kueleza kwa nini wanaihitaji: kueleza kwenyewe ni kufunua. Kwa hiyo shule inayosema kwamba mwenye sababu ya kukataa aje aseme sababu yake imewawekea masharti watu wasioweza kuyatimiza. Njia iliyo sawa ni kuuliza wote, kabla ya basi kukodiwa, na kupokea jibu la hapana bila kutaka maelezo. Na mtoto wa jibu la hapana asiondolewe kwenye mstari mbele ya wenzake picha inapopigwa, kwa sababu kumtenga hivyo ni kumtangaza. Afadhali picha ipigwe kutoka nyuma, watoto wakimtazama twiga. Twiga ataonekana vizuri zaidi.

Linabaki swali la mtoto mwenyewe, nalo ni gumu kuliko yote tuliyoyagusa. Mzazi ametia saini, na siku ya safari mtoto anafunika uso kwa mikono. Sheria imetimizwa. Je, mwalimu apige? Hapa tunaona lugha imetutangulia. Kiswahili kina idhini, na kina ridhaa, na katika magazeti maneno haya hubadilishana mahali kila siku. Lakini idhini hutolewa na mwenye mamlaka: mzazi, mkuu wa shule, ofisi. Ridhaa ni ya moyo wa mtu. Hakuna awezaye kuridhika kwa niaba ya mwingine, kama vile hakuna awezaye kushiba kwa niaba yake. Tukizitenganisha hivyo, tutasema kwamba mzazi anaidhinisha na mtoto anaridhia, na picha yataka vyote viwili. Ndiyo ya mtoto peke yake haitoshi, kwa sababu hajui picha itakuwa wapi atakapokuwa na miaka 30. Hapana yake yatosha.

Tunajua kwamba tofauti hii haifuatwi na watumiaji wote, na kwamba katika baadhi ya sehemu ridhaa husemwa hata juu ya serikali. Tungependa wenzetu wa Burundi, Rwanda na mashariki ya Kongo watuandikie wanavyoyatumia maneno haya mawili katika shule zao, na kama karatasi wanazowapelekea wazazi kabla ya matembezi huandikwa kwa lugha ambayo mzazi anaisoma.